Jina la Juu ya Mlango

Admin, nifichie jina langu, na majina ya humu ndani nimeyabadilisha yote. Nina miaka thelathini na mbili, ni fundi cherehani, naishi Njoro hapa Moshi na mume wangu na binti yetu mmoja, Mkunde, yuko darasa la kwanza. Mume wangu kazi yake ni kupandisha wageni mlimani. Sipigwi, silali njaa, ndoa yetu ni ya kanisani. Mtanishangaa nikisema kinachonikosesha raha ni nyumba ya mwanasesere.

Ilikuja kwenye boksi. Mume alisema kapewa na mgeni aliyeshuka naye mlimani. Ndani kulikuwa na vipande vya mbao nyembamba, gundi, karatasi ya michoro, na kimwanasesere cha mbao chenye nywele za uzi mweusi. Nikajiuliza, ni nani huyo anayekuja kupanda mlima na nyumba ya mwanasesere kwenye begi? Nikaacha, maana wageni nao wana mambo yao.

Jumapili baada ya ibada tukatandika mkeka tukaanza kuiunga. Mlango wa choo chetu umelegea bawaba tangu mwaka jana na baba huyu hajaugusa, lakini siku hiyo alikaa na msasa analainisha kila ukingo, anapitisha kidole, anasema isije ikamchoma mtoto. Ngazi tuliibandika juu chini, ikabidi tuibandue, wala hakukasirika. Mimi nikashona mapazia kwa masalia ya kitenge. Mkunde alikuwa anacheka tu. Kusema ukweli nilifurahi sana siku ile.

Basi nyumba ilipokamilika, mume akapasha msumari kwenye jiko la mkaa akaanza kuchoma herufi juu ya mlango. Nikadhani anaandika Mkunde. Akaandika AIKARUWA. Hilo ni jina la mama yake mzazi.

Nikamwambia, "Baba Mkunde, nyumba ya mtoto unaiandika jina la bibi?"

Akajibu bila kuniangalia, "Itakaa kwa mama, huko Machame. Hapa kwetu padogo, itakanyagwa. Mkunde ataichezea likizo."

Mtoto alilia mpaka akalala. Mimi machale yakanicheza, ila nikajikausha.

Tukaipeleka Machame. Mama mkwe wangu ni mjane, anaishi peke yake na ng'ombe wake na migomba yake, na siku zote amenipenda. Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri, akatuonyesha chumba cha ndani tukaiweka mezani. Akalishika paa, akayashika mapazia yangu, kisha akamgeukia mwanawe akasema, "Aikaruwa ataipenda sana."

Kumbukeni Aikaruwa ni yeye mwenyewe.

Mume akakohoa. Mama akanitazama, akacheka kidogo. "Najisema mwenyewe, Mama Mkunde. Uzee huu." Akaenda jikoni kutupakulia kiburu. Nilikula zile ndizi na maharage bila kujua ladha yake.

Kwa wasio Wachagga niwaeleze. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba. Wa pili ndiye huchukua jina la bibi mzaa mama. Mkunde alipozaliwa nilijua ataitwa Aikaruwa, hata fulana nilikuwa nimeshaitarizi. Mama mkwe akaja hospitali, akampakata, akasema, "Huyu mpeni jina la mama yako." Kwetu walifurahi mno. Mama yangu alitamba ukoo mzima, na mimi nikawa nasimulia kwamba hakuna mkwe kama wangu, kaniachia heshima yake. Miaka yote hii nimejisifia hilo jambo. Sasa nikiwa nimekaa kwenye cherehani najiuliza, hivi aliniachia heshima, au jina lilikuwa limeshachukuliwa?

Wiki iliyopita tukapanda tena Machame. Bibi alipofungua chumba cha ndani, Mkunde akakimbilia humo, akatoka na yule mwanasesere mkononi. Nywele zake tulikuwa tumeziacha wazi. Safari hii zilikuwa zimesukwa twende kilioni, mistari midogo midogo imenyooka.

Mkunde akauliza, "Bibi, nani kamsuka mtoto wangu?"

"Watoto wa jirani," mama akajibu, akaondoka kwenda kumkatia ng'ombe majani ambayo yalikuwa yamejaa bandani.

Jamani, mama mkwe vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, vifungo vya sweta namfunga mimi. Hakusuka yeye. Na hicho chumba anakifunga, ufunguo anaukunja kwenye pindo la kanga. Mtoto gani wa jirani anafunguliwa? Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinamia simu, na simu ilikuwa imezimika kwa kuisha chaji.

Sijamuuliza mpaka leo. Naogopa. Nikiuliza na ikawa si kweli, nitakuwa nimemtukana mama aliyenipokea kama mwanawe. Nikinyamaza na ikawa kweli, basi kuna binti anaingizwa nyumba ile mimi nikiwa sipo na kutolewa nikikaribia, na wote wawili wananichekea. Hilo linaniuma kuliko mtoto mwenyewe, maana yeye kama yupo hana kosa lolote. Hasira zangu ni kwa hao wakubwa.

Mkunde alikataa kumwacha mwanasesere Machame, amerudi naye Njoro. Jana nilitaka kumfumua zile nywele, mtoto akanishika mkono. Anasema huyo aliyemsuka anajua kusuka kuliko mimi, na likizo ikifika anataka amsuke na yeye.

Ndugu zangu, likizo imekaribia. Nimwambie nini mwanangu, na kati ya mume na mama mkwe nianze kumbana nani?