Ngozi Iliyozikwa Kimali

Sifa na shukrani zimwendee Mungu, aliyenifikisha kwenye mvi hizi na bado akanipa nguvu za kwenda na kurudi. Bila Yeye nisingekuwa na la kusimulia.

Mimi ni katekista mstaafu wa Sapiwi. Mwaka huu wizara ilituma watu mikoani kukusanya maoni, ili sera ya afya ya nchi yetu iende pamoja na mkakati wa nchi za Afrika Mashariki. Magonjwa yanayotoka kwa mifugo kwenda kwa watu huvuka mipaka bila kuulizwa, kwa hiyo nchi hizi zinataka kanuni zinazofanana. Mojawapo ilisema kwamba mnyama aliyekufa ghafla asichunwe wala kuliwa, azikwe mzima na ngozi yake. Niliombwa kumsindikiza Daktari Rehema, aliyetoka Dodoma na asiyejua Kisukuma.

Asubuhi tuliondoka Bariadi kwa gari la halmashauri. Baada ya Maswa, pamba ilikuwa imepasuka mashambani pande zote mbili, na akina mama walikuwa wakiichuma wakiwa wameinama. Tulipokunywa chai Lalago, daktari aliniuliza, "Mzee, hii kanuni ya kuzika mnyama italeta ubishi?"

"Italeta," nikamjibu. "Watu wanapenda nyama." Nilijibu haraka, kumbe sikuwa nimefikiri.

Alasiri tulifika Kimali, kwa Masunga, mfugaji niliyemfundisha dini akiwa kijana. Tulimkuta ameshika kisu, amesimama karibu na ng'ombe jike mwekundu aliyeanguka mchana huo. Damu nyeusi ilikuwa ikimtoka puani, na haikuganda.

"Mwadila, guku," alinisalimu kama babu yake, macho yakiwa kwa ng'ombe.

"Mwadila, mwanangu. Weka kisu chini."

"Siwezi. Huyu si wangu. Ni wa Shija wa Lalago."

Hapo nikaelewa. Kwetu mwenye ng'ombe wengi huwaweka baadhi yao kwa rafiki. Rafiki huwachunga, hukamua maziwa, na baadaye hupewa ndama. Mmoja akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi, ili ajue mnyama hakuuzwa. Asiyeleta ngozi huhesabiwa mwizi. Watoto wa Masunga walikuwa wakinywa maziwa ya ng'ombe wa Shija. Kama Shija angewachukua ng'ombe wake, zizi lingebaki tupu.

Daktari alieleza kanuni, nami nikatafsiri. Mke wa Masunga akacheka kidogo, akamwita daktari mama kwa lugha yetu. "Mayu, hao walioandika wameshamwona Shija akikasirika?"

"Nyama sitaki, apewe fisi," Masunga alisema. "Nataka ngozi tu."

"Huenda hiki ni kimeta," daktari alimjibu. "Ukimfungua, ugonjwa unakuingia wewe na watoto wako."

Tukampigia Shija simu, sauti ikasikika kwa wote. Daktari akamwambia atamtumia picha.

"Picha inaonyesha ng'ombe amelala," Shija alisema. "Hata wangu hapa wamelala. Masunga, ngosha, mwanamume mwenzangu, niliwahi kuambiwa wangu wamekufa, kisha nikawakuta mnadani. Ngozi ije." Akakata.

Masunga akainua kisu tena. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo, kisha nikasema, "Ita majirani na balozi wa nyumba kumi. Wasimame mbali, waone alama ya Shija sikioni. Kesho nitasimama mimi mbele ya Shija."

"Asipokuamini?"

"Basi tutakuwa waongo wawili."

Akaweka kisu chini. Bwana mifugo wa kata alikuja na glavu na chokaa. Shimo likachimbwa refu, na ng'ombe akazikwa na ngozi yake.

Kesho yake tulirudi kupitia Lalago. Shija hakutupa viti.

"Ngozi iko wapi?"

"Imezikwa," nikasema. "Niliona alama yako sikioni. Balozi aliiona, majirani pia."

"Unaapa?"

"Siapi, Shija. Nakuambia."

Akamgeukia daktari. "Angemchuna ingekuwaje?"

"Huenda leo tungekuwa hospitali na Masunga."

Shija aliangalia zizi lake. Mwishowe akaagiza viti. "Ng'ombe wangu wabaki Kimali," alisema. "Lakini huyu mzee namfahamu. Siku nyingine akifa ng'ombe mwingine naye hayupo, nimwamini nani?"

Daktari aliliandika swali hilo daftarini. Ndani ya gari aliniambia ataandika kwamba kanuni ya kuzika ifuatane na mashahidi wanaokubalika kwa mwenye mali, kwa sababu wafugaji wa ng'ambo ya mpaka nao huwekeana mifugo. Kama wakubwa watakubali, sijui. Hilo nimemwachia Mungu.

Jioni tulifika Bariadi. Nilikuwa nimedhani watu watabishana kwa ajili ya tumbo. Masunga alikuwa tayari kufa ili asiitwe mwizi, na kanuni yoyote ya nchi moja au ya nchi nyingi itabidi imjue mtu kama huyo kabla ya kumwambia aweke kisu.

Nawe unayesoma, Mungu akulindie nyumba yako na zizi lako. Na siku utakapokuwa huna kitu mkononi ila neno lako, akupe mtu wa kuliamini. Amina.