Kibandiko cha 3200

Upumbavu wa kwanza niliufanya mimi: nilibandua kibandiko cha RAM mpya, kile kipande cha kumbukumbu cha kompyuta ya mama, nikakibandika juu ya mkebe wangu wa hesabu. Kilikuwa kinang'aa, kimeandikwa spidi yake, 3200, kwa rangi ya dhahabu. Nani angekiacha?

Mama ana steshenari hapa Kilwa Masoko. Watu wa Songo Songo wakishuka kwenye boti wanataka kuprinti karatasi zao wawahi kurudi, na ile kompyuta ilikuwa inafungua faili moja wakati mteja anamaliza chapati na chai. Akanunua RAM ya kuiongezea kasi, akaniruhusu niifunge, kwa onyo moja: "Ukiharibu, hukai tena kwenye hicho kiti cha kompyuta."

Nikafunga. Nikafungua programu ya kupima spidi: 2400. Nikatoa RAM ya zamani, maana ya polepole humvuta mwenzake nyuma. 2400. Nikaingia kwenye mipangilio ya mashine kuiamsha. Wapi! Programu ikanionyesha yaliyoandikwa ndani ya chipu yenyewe kiwandani: 2400. Kibandiko kilikuwa kinatudanganya, na ushahidi wenyewe nilishaubandua.

Mimi na mama tukairudisha dukani alikoinunua, nikaanza na shikamoo. Kwetu huwezi kugombana na mtu mzima hujamwamkia.

"Marahaba," akasema mwenye duka. "Kibandiko kiko wapi?"

Nikatoa mkebe. Wateja wakacheka. Mama, aliyesimama nyuma yangu, hakucheka.

"Bila kibandiko hairudi, mwanangu. Nitajuaje kama ni ya kwangu?"

"Sawa, baba. Basi tupime nyingine kama hii, ile ya kabatini kwako, yenye kibandiko chake."

"Toto lina mdomo hili! Mama, huyu wa kwako?"

"Wa kwangu," mama akajibu. "Akikosea, mchukue umuuze."

Mdomo wangu ulishatangulia. "Chomeka tu, baba. Ukiogopa, fumba macho."

Akachomeka kwenye mashine yake mwenyewe, kwa madaha. 2400. Akazima, akawasha. 2400. Akasogeza feni.

"Labda joto hili."

"Kwa hiyo tungoje kipupwe?"

Wateja wakaangua kicheko, safari hii hawakunicheka mimi. Mzee akaingia stoo akinung'unika kwamba hata yeye wamemuuzia hivyohivyo, akarudi na nyingine, tayari imo kwenye mfuko. Nikaurudisha mfuko mezani.

"Haitoki hapa haijapimwa."

"Mwanangu, huniamini?"

"Nakuheshimu, baba. Kuamini naiamini programu."

Ikapimwa. 3200.

Mama akaichukua RAM, tukarudi. Mlangoni pa steshenari akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo, akaniwekea kiganjani.

"Kesho unafungua wewe, kabla ya shule. Na hicho kibandiko kibandike kwenye paji lako la uso, tuone na wewe kama unafika spidi uliyoandikiwa."