Kuulizia Ukoo wa Auchterlonie

Nyinyi mlio nyumbani mnanijua: wiki nzima nahudumia wazee wa watu, Jumamosi ni ya kitanda. Lakini binti yangu Nekesa amechumbiwa na Colin Auchterlonie, na kaka yangu Wekesa, ambaye ndiye msemaji wetu kwa kuwa nilimlea mtoto bila baba, alipiga simu kutoka Bungoma akakata maneno. "Hakuna harusi mpaka nijue ukoo wa huyo kijana. Jina gani hilo la kuchosha ulimi?"

Saa nne asubuhi tukaondoka Woodbridge, mji tunaoishi huku ughaibuni, kwenda kwa nyanya yake Colin, Nekesa kwenye usukani, mimi nimepakata sukari, majani chai na leso.

"Mum, please! Nyanya yake ana kisukari!"

Kisukari au hakuna, kwa wakwe haendi mtu mikono mitupu. Magari yalijaa barabara kuu ya I-95, nikapata nafasi ya kulifanyia mazoezi lile jina. Nekesa alicheka mpaka akapitiliza njia ya kutokea.

Annandale tulifika saa tano na nusu. Bi Margaret, nyanya yake Colin, aliipokea sukari kwa heshima, na leso akajifunga papo hapo juu ya suruali. Nikampenda. Akanieleza kwamba jina lilitoka kwenye mashamba ya karibu na mji wa Forfar, Uskoti. Waliokaa pale waliitwa kwa jina la pale, wajukuu wakalivusha bahari, na sasa wamebaki wachache. Historia safi kabisa!

Kisha akatua kikombe. "Sitakuficha. Marehemu mume wangu hakuzaliwa nalo. Alikuwa yatima. Mzee Auchterlonie hakuwa na mtoto, akamchukua, akampa jina lake."

Woi! Kwa Wekesa, huyo ni kijana asiye na ukoo.

Tukirudi, Nekesa alinisihi nisiseme. Lakini mambo ya ukoo hayadanganywi, nikampigia Wekesa simu kwa spika na kueleza yote.

"Rosa," Wekesa akasema, "baba yetu naye aliletwa boma hili akiwa mdogo, na mtu asiyemzaa. Alinikataza kuwaambia. Hao watu waje."

Nekesa alisimamisha gari kando. Nililia, nikacheka, nikalia tena. Umri wote huu natembea kifua mbele na ukoo wangu, kumbe!

"Na huyo mtu aliyemleta baba," nikauliza, "aliitwa nani?"

"Si ndilo hilo jina la ukoo unaloitwa."