Jinsi Tulivyowalinda Ngege

Mume wangu alipohamishiwa doria ya ziwani, alikuwa hajawahi kumwona samaki ila kwenye sahani. Kwao ni nchi kavu ya ng'ombe. Lakini jeshini ukipewa kazi unaijua siku hiyohiyo, na wiki haikuisha kabla hajaanza kuwafundisha wavuvi wa kijiji cha Hamukungu tabia za samaki.

Mimi nilikuwa nikikaanga samaki, wale ngege wa ziwani, nje ya lango la kambi yetu, Kasese. Niliwanunua Hamukungu kwa mama mmoja mjane, mwenye mtumbwi mmoja na wavuvi wawili wa kuajiriwa. Vibali vya mitumbwi huko vina idadi yake, na mtumbwi ukikaa nchi kavu muda mrefu, kibali anapewa mwingine. Mama alikirithi chake kwa marehemu mumewe. Hakuwa na kingine cha kumlisha.

Ngege huzalia karibu na ufuko, penye matete. Kutega nyavu pale ni marufuku, na mama hakuwahi kutega. Mume wangu akaamua kupalinda kijeshi. Asubuhi na alasiri boti ya injini ilizunguka humohumo kwenye matete, askari wamekaa wima kana kwamba wanapigwa picha. Nilijivuna, sitaficha.

Baada ya muda mama akawa ananiuzia samaki wachache, tena bila kunitazama. Siku moja akanikalisha kando ya mtumbwi wake.

"Nyabo, ngege nabeba watoto kwa mdomo," akasema, kwani huko kila mwanamke huitwa nyabo kwa heshima. "Ikisikia ile injini, natema yote, nakimbia mbali. Watoto inabaki, ndege nakula. Ambia afande azime injini, apige kasia tu."

Nilimfikishia mume wangu maneno hayo alipokuwa akivua buti. Alisikiliza kwa makini sana.

"Samaki iko nakimbia?"

"Ndiyo."

"Basi adui iko ndani ya matete. Tutaongeza doria."

Akaongeza. Kasia halikuguswa.

Mama akawaachisha kazi wavuvi wake, mtumbwi ukapinduliwa mchangani. Kilichomwokoa ni uzembe wa mtu fulani makao makuu: mafuta ya boti yalichelewa, wiki baada ya wiki. Mume wangu alishinda amenuna, akipangusa injini iliyokuwa safi tayari. Matete yakatulia. Ngege wakubwa wakaanza kurudi, mama akawaita wavuvi wake, na kikaango changu kikajaa. Siku ya kwanza alinipa samaki wawili wa nyongeza, akacheka peke yake.

Ndipo wakubwa wakataka ripoti. Mume wangu kalamu humshinda, kwa hiyo ripoti zake zote huziandika mimi. Alisema, nikaandika: kutokana na doria kali, samaki wamerudi. Nikasita hapo. Nilijua ukweli kuliko mtu yeyote kambini. Lakini kulikuwa na tetesi za cheo, na cheo kina nyumba ya vyumba viwili, nami nilikuwa nimechoka kulala na watoto nyuma ya pazia. Nikaongeza maneno "kwa wingi", ili isomeke vizuri.

Cheo hakikuja. Ilikuja barua ya pongezi, pamoja na mafuta mara mbili ya yale ya awali.

Nilipokwenda tena Hamukungu baada ya miezi, injini ilisikika tangu barabarani. Mtumbwi ulikuwa umepinduliwa tena, na mama alikuwa ameshaambiwa akirudishe kibali.

"Nasikia mtu iliandika eti doria nasaidia samaki," akasema. "Ni nani huyo, nyabo?"

Nikamwambia sijui.

Akaniamini. Akanifungia ngege wawili aliobaki nao, akakataa pesa, akasema niwapelekee watoto.