Mwenye Kikundi Kakaa Kiti cha Pili

Binti wa kaka yangu ndiye aliyeanzisha kile kikundi cha mtandaoni ambamo watu elfu nne humwaga ya moyoni bila kutaja majina. Siri hiyo niliijua mimi shangazi yake tu. Mama yake, wifi yangu, alimwona mvivu, akaapa kuivunja simu aliyoshinda nayo kutwa.

Jana wifi, mwanachama asiyejua mwenye kikundi ni nani, akaandika humo kwa kidole kimoja: "Binti yangu kutwa simu. Niivunje?"

Binti, aliyekaa kiti cha pili kutoka kwake, akamjibu humo humo kama bibi kizee: "Iache, mwanangu. Mpelekee na chai."

Wifi akaenda jikoni, akarudi na kikombe. "Haya kunywa, mvivu wee. Shukuru huko kuna watu wazima wenye akili."

Mimi niliyekuwa nashona pembeni nikaung'ata uzi nisicheke.