Njia Isiyokuwamo Ramanini

Juzi nilikuwa bomani nikisubiri cheti. Mbele yangu alisimama mfugaji mmoja wa Nyaishozi, kidevu juu ya fimbo. Askari wa msitu alikuwa amemkataza kupitisha ng'ombe njia yao ya zamani msituni, na maji yako ng'ambo.

Karani alipitisha kidole juu ya ramani, bila haraka. "Mzee, hapa hakuna njia."

"Hakuna kabisa, bwana karani?"

"Kabisa. Msitu mtupu."

"Basi niandikie hivyo, upige na mhuri. Askari akinishika, nimwonyeshe kuwa njia anayonikataza haipo."

Karani, mtu wa kanuni, aliandika kwa hati nzuri sana.

Jumapili nilipita huko msituni kwa miguu. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kunywa. Askari alikuwa bado anausoma mhuri.