Taa ya Gari la Dada Neema

Mwanangu, weka simu chini kidogo. Nakumbuka siku moja, nikiwa bado msichana hapa Ixelles ugenini, taa ya onyo ya rangi ya machungwa iliwaka mbele ya usukani wa gari la dada yangu Neema, akashikwa na woga hadi chakula kikamshinda.

Gari lile la dizeli ndilo lililokuwa kazi yake. Alipita nyumba kwa nyumba kuogesha wazee, na wiki iliyofuata gari lilitakiwa kwenda kukaguliwa. Likikataliwa, kazi imekwisha.

Jamaa mmoja pale Galerie, kwenye maduka ya mtaa wa Matonge, mtu wa kwetu Bukavu, alimwambia dawa ni rahisi: chujio la moshi, lile kopo la chuma chini ya gari linalonasa masizi yasitoke nje, limeziba, basi litobolewe tu. Na sisi unatujua. Tukisikia ndugu anajua namna, tumeshakubali. Neema naye akakubali.

Jumapili baada ya ibada akamweleza Tonton Kasongo, mjomba wetu sote, mzee wa Lubumbashi aliyeendesha teksi hapa miaka mingi. Tonton hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Neema, ukitoboa ile chujio, masizi itaenda wapi? Itaingia mu mapafu ya batoto yetu. Bon, uniambie kwanza: hii gari inaendaka wapi?"

Loo, inaenda wapi! Matonge na kurudi, kanisani na kurudi. Mtu yeyote wa kikundi cha sala akiliomba, ni sokoni na kurudi. Tonton akacheka. Akatueleza kwamba chujio hujisafisha lenyewe kwa kuyachoma yale masizi, ila linahitaji joto kali, na joto hilo haliji gari likizimwa kila baada ya mitaa miwili. Injini ilikuwa bado na nguvu zake, kwa hiyo hatukuwa tumechelewa.

Mchana uleule tukashika barabara kuu ya kwenda Ostende, baharini, gari likimbie bila kuzimwa, Tonton mbele kando ya Neema, mimi nyuma naomba kimoyomoyo. Kabla ya kufika mji wa Gand taa ikazimika. Neema alilia huku anaendesha, nami nikalia kwa kuwa yeye analia. Gari likapita ukaguzi, na wazee wake wakaendelea kuogeshwa.

Sasa wewe umenunua la kwako juzi, nami nimefurahi mno. Taa ikiwaka, usiizoee. Tia oili ile ambayo gari lenyewe linataka, na mara mojamoja litoe nje ya mji likimbie. Taa ikianza kupepesa au injini ikilegea, hapo nenda gereji, usijidanganye na safari. Na atakayekuambia utoboe, muulize kwanza moshi huo atavuta nani.

Mungu akutangulie kila uwashapo injini, mwanangu, na ailinde pumzi ya kila mtoto atakayetembea nyuma ya gari lako.